Kaka yangu fundi kaifunga breki ya mbele kwa mpira, mi nataka kuweka diski

Shikamoo Anti.

Mi ni kijana wa miaka 27, naishi huku Uyole Mbeya, kazi yangu bodaboda na kilimo kidogo cha viazi. Naomba usitaje jina wala kijiwe changu maana huku tunajuana wote na kaka yangu huwa anazisoma hizi safu zako kwenye simu.

Jambo lenyewe linamhusu huyo kaka. Yeye ni fundi pikipiki, ana banda lake upande wa Mwanjelwa, ndo alinilea tangu mzee afariki, ndo kanifundisha kuendesha, na hata hii pikipiki ya cc 150 yeye alitoa nusu ya hela na kadi ina jina lake mpaka leo. Namheshimu kama baba. Sasa kaka ana imani moja kwamba breki ya mbele inaua. Zamani alibana breki ya mbele kwenye kona yenye mchanga, tairi likamtoka, akavunjika mfupa wa bega na mpaka leo ule mkono hauinuki vizuri. Kuanzia hapo kila anayeingia bandani kwake anaambiwa mbele usiguse. Kwangu mimi ndo akaenda mbali zaidi, siku naichukua pikipiki aliutoa waya wa breki ya mbele kule chini, akaukunja akaufunga kwenye shokapu kwa kipande cha tyubu. Mkono wa breki upo ila ukiubana unaenda mpaka unagusa mpini, hamna kitu.

Kazi yangu kubwa ni kushusha abiria na viroba vya viazi kutoka Isyonje kuja Uyole. Anayeijua ile barabara anaelewa, mteremko hauishi, asubuhi ukungu, malori ya Malawi yanapanda kwa kujikokota afu mvua inajipigia tu saa inayotaka. Huwa nashuka frii, yaani gia nimeitoa, kama wenzangu wote kuokoa mafuta, nyuma nakanyaga mdogo mdogo. Sasa juzi kati nimempakia mama mmoja na kiroba chake, kimvua kinanyunya, hatujafika Igawilo daladala iliyo mbele yangu ikasimama ghafla kupakia. Nakanyaga, pedeli inashuka tu, nasikia harufu ya kuungua, nakanyaga tena ndo inazidi kuzama. Nikaiingiza kwenye udongo pembeni ikaenda kusimama kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Yule mama akashuka, akafungua kamba mwenyewe, akachukua kiroba chake akaniambia "baba, hapa panatosha, hela yako hii". Kanilipa nauli yote Anti, bora hata angenitukana.

Tangu hapo usiku naangalia video za watu wanaotoa breki ya ngoma mbele, ile inayotanuka ndani ya rimu, wanaweka diski, lile sahani la chuma linalobanwa kwa nje. Nimeulizia pia. Kuna fundi Mafiati anasema laki na themanini anamaliza, anachomelea kikalio cha kalipa (kile kinachoibana diski) kwenye shokapu hii hii niliyonayo na rimu anatafuta ya mtumba. Mwingine anasema usifanye hivo, nunua mguu mzima wa mbele wa pikipiki ya aina yako iliyotoka na diski, yaani shokapu, rimu, kalipa, masta silinda (kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye mpini) na kila kitu, inafika laki nne na ushee. Mke wangu kasema kikoba chao kikivunjwa atanipa hiyo hela japo tulishapanga iwe ya bati, na kasema nikiendelea kusuasua anampigia mama simu anamwambia kila kitu.

Shida ni kaka. Nilimgusia kama utani akacheka, "unataka ufe kisasa". Nikimpelekea fundi mwingine pikipiki yenye jina lake ni kama namtangaza mjini kwamba hajui kazi, na wateja wake wengi ni wa vijiwe vyetu hivi hivi. Nikiacha ilivyo napakia watoto wa watu. Nikimwambia ya Igawilo naogopa, alishawahi kusema siku akisikia nimeanguka anaiuza. Nifanyeje Anti? Na hiyo diski inasaidia kweli au ni mbwembwe tu za mjini? Ndaga fijo.

Mwenye mawazo, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Wengine mtashangaa Anti anajibu mambo ya breki, ila kabla sijastaafu nilikuwa bibi shamba, nimezunguka vijiji vya Rungwe na pikipiki ya mradi miaka mingi tu, hiyo barabara ya Isyonje naijua kwa kiuno changu. Kwahiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili, la Anti na la dereva.

Nikikuelewa vizuri, una pikipiki ambayo haisimami ukiwa na mzigo kwenye mteremko, na una kaka aliyekulea ambaye hutaki kumdhalilisha wala kumpoteza. Afu katikati pale umeshaiweka diski, kama ndo itakayomaliza yote. Mi sina shida na diski, tutaijadili, ila tusikimbilie huko kwanza maana kuna vitu umeviandika kwa kupita ambavyo mi nimesimama navyo.

Umesema mnashuka frii. Najua wote mnafanya hivo na najua bei ya mafuta. Lakini pikipiki ikiwa frii injini haishiki chochote, kwahiyo wewe, yule mama, kiroba na chuma chenyewe, uzito wote ule ulikuwa unashikwa na kile kingoma kimoja cha nyuma kuanzia kule juu. Ngoma ikipata moto mwingi inapanuka, yaani inazikimbia breki shuu, vile vipande vya ndani vinavyotanuka kuishika, ndo maana pedeli ikawa inazama kila ukikanyaga. Na zile shuu zenyewe zikichemka sana zinapoteza ukali, hiyo ndo harufu uliyoisikia. Sasa nikuulize, siku ile kama ungekuwa kwenye gia ya pili au ya tatu tangu juu, hiyo breki ingefika Igawilo imechemka vile? Sijui, sikuwepo. Ila ni swali la kujiuliza kabla hujatoa laki nne, maana diski mbele ukiendelea kushuka frii bado unaichosha breki bure, na siku mpira unaopitisha mafuta ya breki ukipasuka unarudi pale pale.

Kingine ni hii imani kwamba kaka amekosea moja kwa moja na we uko sahihi moja kwa moja. Kwenye breki za mbele kwa ujumla hesabu iko upande wako. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na linaanza kuburuzika, la mbele ndo linakandamizwa kwenye lami. Kwenye lami kavu wengi wanaofundisha udereva wanasema mbele inabeba karibu asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha. Mwendo wa 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata mguu haujafika kwenye pedeli, na ukitegemea nyuma peke yake umbali wa kusimama unaweza kuwa mara mbili ya anayetumia zote. Huko India zinakotengenezwa pikipiki nyingi za namna hii, kuanzia Aprili 2019 sheria ilitaka pikipiki mpya za mpaka cc 125 angalau breki za mbele na nyuma ziunganishwe zifanye kazi pamoja, na za zaidi ya hapo ziwe na mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge. Hakuna aliyesema suluhisho ni kuifuta ya mbele.

Lakini kaka naye hajaota. Tairi la mbele likiwa limelala kwenye kona, chini mchanga, ukaibana kwa nguvu mara moja, linakutoka kabla hujasema lolote. Kilichomuangusha kilikuwa kweli na bega ni lake. Na hapa ndo panapokugusa wewe, kwasababu diski inauma kuliko ngoma, afu mkono wako haujawahi kuzoea breki ya mbele kwenye pikipiki hiyo. Mtu aliyezoea mkono wa breki usio na kitu, akawekewa diski leo, kesho daladala ikasimama ghafla mvua inanyesha, mkono utabana wote. Yaani unaweza ukapata hasa lile anguko ambalo kaka amekuwa akilikimbia miaka yote. Na tairi je? Hujaniandikia hata neno moja kuhusu tairi. Kama la mbele ni kipara, breki kali itakachofanya ni kulifunga mapema tu.

Sasa tuje kwenye njia ulizonazo, na ujue kuna moja hukuitaja kabisa, nayo ni kuirudisha ile ngoma ya mbele iliyopo. Umeirukia diski kama vile mbele hakuna breki, kumbe ipo, imefungwa na mpira wa tyubu.

Kuifufua siyo kuunganisha waya tu. Huo waya umekaa umekunjwa kwenye mvua na tope, mi ningeuangalia kwanza pale kichwani unapoingia kwenye mkono wa breki, ndo huwa unakatika nyuzi moja moja bila kuona, na kwa bei yake bora mpya. Afu rimu ishuke, ngoma ifunguliwe. Shuu ambazo hazijafanya kazi muda mrefu zinaweza kuwa zimeshika kutu, au uso wake umekuwa laini unang'aa, na hizo hata ukibana hazishiki. Kama nyama yake imebaki milimita 2 au chini ya hapo ni za kutupa. Kama bado nene zinapigwa msasa kidogo, ila vumbi la humo lisipulizwe kwa mdomo wala kompresa kama wanavyofanya mafundi wengi, shuu za zamani na zile zisizojulikana zinakotoka zinaweza kuwa na asbesto, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ngoma yenyewe ndani huwa imechongwa kipimo cha mwisho cha kulika, ikishapita hapo hata shuu mpya hazisaidii. Ile kamu inayotanua shuu iguswe na grisi kidogo sana, kidogo kweli, maana grisi ikichuruzika kwenye shuu umeharibu kila kitu. Ukishafunga, mkono wa breki ucheze sentimita 1 mpaka 2 hivi kwenye ncha kabla haujaanza kushika, na pedeli ya nyuma sentimita 2 mpaka 3. Kwenye sahani ya ngoma nyingi kuna kamshale, ukibana breki mshale ukafika au ukapita alama basi shuu zimeisha, na huu wa nyuma ukauangalie leo leo, sisubiri jibu lako.

Hasara ya njia hii ni kwamba ngoma itabaki kuwa ngoma. Ikiingia maji inalegea mpaka ikauke, ikipata moto inachoka, na mteremko ule ni mrefu. Ila ngoma mbili na injini iliyo kwenye gia wakigawana kazi siyo sawa na kingoma kimoja peke yake. Bei yake haigusi bati za mke wako. Na kuna faida nyingine ya mkono wako kujifunza kwenye breki ya upole kwanza.

Diski kwa mguu mzima ni kitu kizuri, sitakudanganya. Inapoa haraka kwasababu iko wazi kwenye upepo, maji inayarusha, na ukibana unasikia kabisa kiasi gani kinashika. Ila inakuletea kazi ambazo ngoma haina. Mafuta ya breki yanavuta unyevu yenyewe hata kama hakuna kinachovuja, kwahiyo yanabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na unaweka yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, mara nyingi ni DOT 4 au DOT 3. Kuna DOT 5 ya silikoni, hiyo usichanganye na hizo. Na kuna watu wanaweka oili ya injini au hydroliki wakikosa, raba za ndani zinavimba na breki inakwama au inakufa. Mkono wa breki ukiwa kama unabonyeza sponji, kuna upepo ndani, unatolewa mpaka uwe mgumu. Vya mtumba uvikague, shokapu zisiwe zimepinda, diski isiyumbe ukiizungusha na isiwe imelika chini ya unene uliochongwa pembeni yake, pistoni ya kalipa iingie na kutoka bila kukwama. Breki pedi mpya, vile vipande vinavyoibana diski, nazo hazishiki vizuri siku ya kwanza, unazizoesha kwa kubana pole pole kilomita mia na kitu za mwanzo, tena barabara tambarare, siyo pale Isyonje.

Hiyo ya kuchomelea kikalio kwa laki na themanini, hapo mwanangu niruhusu niogope kwa niaba yako. Bomba la chini la shokapu za mbele kwa kawaida ni aluminiamu, siyo chuma. Moto wa kuchomelea unailegeza na unaweza kupindisha ndani ambamo lile bomba jingine linapanda na kushuka. Afu kila unapobana breki, nguvu yote inaishia kwenye ile weldi. Ikikatika itakatika siku umebana kuliko siku zote, na kalipa ikiingia kwenye spoku tairi linajifunga hapo hapo. Uamuzi ni wako na mfuko ni wako, lakini hiyo tofauti ya bei inatoka mahali hapo.

Tumrudie kaka. Umeandika kwamba ukienda kwa fundi mwingine utakuwa umemtangaza hajui kazi. Inawezekana, mji ni mdogo na mafundi wana midomo. Ila kuna kitu kingine hujakigusa, kadi ina jina lake. Siku ukipata ajali polisi watamtafuta mwenye kadi, bima itamuuliza mwenye kadi, na yeye atakuwa hajui kwamba pikipiki yake imebadilishwa mguu wa mbele. Kwahiyo kufanya kimya kimya kunamwingiza kwenye jambo ambalo hakuambiwa, hata kama nia yako ni kumlindia heshima.

Unaogopa kwamba ukimwambia ataiuza. Huenda kweli akaiuza, mi simjui. Ila angalia alichofanya siku ile ya kwanza. Fundi angeweza kuukata ule waya, angeweza kutoa shuu na kutupa. Yeye kaukunja kaufunga vizuri na mpira, upo mpaka leo. Na "unataka ufe kisasa" kwangu haisikiki kama dharau, inasikika kama mtu anayeogopa ambaye hajui aseme vipi. Naweza kuwa nakosea, we ndo unamjua sura yake akicheka.

Unaweza kumwendea mwenyewe, bandani, jioni wateja wakishaondoka, ukamsimulia ya Igawilo yote mpaka yule mama kushuka. Ni njia ngumu, na ndo yenye hatari ya kupoteza pikipiki. Ukiichagua, nadhani ingesaidia usianze na diski wala video, anza na pedeli iliyozama, maana hilo ni tatizo la kifundi na yeye ni fundi, mpe nafasi aliseme yeye kwanza. Unaweza ukamwomba yeye mwenyewe aifufue ya mbele, afu akufundishe au mjifunze wote kuibana, vidole viwili, pikipiki ikiwa wima haijalala, mwendo wa 20 kwanza kwenye sehemu tambarare isiyo na magari. Heshima yake hapo haiguswi, kazi imebaki kwake. Hatari yake ni kwamba atakataa katakata, na hapo utakuwa umeshamwambia na huwezi kurudi kujifanya hujui.

Au mama atangulie. Mke wako ameshatishia kumpigia, na mi sijui kama ni vibaya, ila kuna tofauti ya mama kuambiwa na mkwe kwa hasira na mama kuombwa na wewe akae katikati. Kaka anaweza kuona mmemzunguka ukoo mzima. Anaweza pia kushukuru, wapo wanaume ambao hawawezi kubadilisha msimamo mpaka mama aseme.

Au ukatafuta namna ya kulipa ile nusu yake, kadi ikaja kwako, ukafanya unachotaka. Ni haki yako kuliwaza. Ila itachukua muda, na wakati huo unaendelea kushusha viazi.

Kwahiyo hapo katikati, kabla hujaongea na mtu yeyote, hebu fikiria hili. Breki ya nyuma ikazwe na shuu ziangaliwe, ushuke kwenye gia, na kukiwa na mvua ubebe abiria au kiroba, siyo vyote viwili. Utapoteza hela kidogo, najua, na abiria wengine watakucheka kwamba unaogopa. Na mke wako muulize tena kuhusu ile hela ya kikoba, siyo kama atatoa, muulize yeye anataka nini. Mtu anayesema chukua hela ya bati huenda anachokuambia ni kwamba hapati usingizi usiku.

Niandikie tena ukishaongea na kaka, hata kama ameichukua pikipiki, tutaanzia hapo.

Anti